Daftari la Mwaka Tisini na Nane

Kwa miaka thelathini na tatu nilikuwa katibu wa Klabu ya Njiwa wa Mbio ya Hesleby, hapa Uingereza, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyepiga hesabu za mbio zetu ila mimi, kwa penseli na kichwa changu. Nasema hivyo mapema ili mjue ni mtu wa namna gani anayewasimulia. Mke wangu Hilda husema nina kiburi cha jogoo anayedhani jua huchomoza kwa sababu amewika. Hilda huwa hakosei sana.

Corinne Bewick alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimjua tangu ana meno ya utotoni. Watoto wote wa mtaa waliniita Mjomba Wilf, na yeye hakuacha hata alipofikisha miaka thelathini na minne. Alitoka shule bila cheti cha maana, akaingia kiwandani kufungasha njegere za barafu, akafungasha miaka kumi na tano mpaka kiwanda kikafunga milango. Wenzake walikwenda kwenye maghala kufungasha vitu vingine. Yeye akaenda chuo cha mjini akajiandikisha shahada ya msingi ya kompyuta.

"Ya vitendo, Mjomba," alinieleza akiwa upande wa pili wa ua, mimi nikiwa nafagia banda la njiwa. "Miaka miwili. Hatukai tukikariri. Mwishoni unatafuta mteja wa kweli mwenye kazi ya kweli, unamtengenezea programu, inafanya kazi mbele ya macho yake, halafu anatia sahihi. Asipotia, imekula kwako."

"Na mteja wako ni nani?"

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama akiwa na miaka sita anapotaka kushika njiwa.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema kitu!"

"Na usiseme."

Hakuniambia mimi. Alikwenda kuwaambia wanachama, siku ya mkutano kwenye kibanda chetu cha klabu, na keki ya limau mkononi. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Norman Ogle, mzee wa miaka themanini na minne, ambaye banda lake liko maili sita kutoka kwetu, ng'ambo ya kilima. Norman amefuga njiwa miaka sitini na alikuwa hajawahi hata mara moja kulichukua kombe la mbio za kutoka Ufaransa, ambalo kwetu ndilo kombe, mengine ni vyombo tu. Baada ya mkono wake ikanyooka mikono mingine kumi. Wa kumi na mbili ulikuwa wangu, nao ulibaki mfukoni; lakini anayetia sahihi kwa niaba ya klabu ni katibu, kwa hiyo mteja nikawa mimi.

"Wilf, unaogopa mashine itakunyang'anya penseli?" Norman akauliza, na kibanda kizima kikacheka.

"Naogopa itaharibu hesabu," nikasema.

Maana hesabu zetu si za mchezo. Kwetu hashindi njiwa anayefika kwanza. Njiwa wa klabu mbili, sisi na jirani zetu wa Carrowby, hupakiwa kwenye lori moja, wanapelekwa mbali, milango inafunguliwa kwa mkupuo mmoja. Lakini kila mmoja anarudi kwenye banda lake, na mabanda hayako mahali pamoja. Kwa hiyo unachukua umbali wa kila banda kwa yadi, unaugawa kwa dakika alizoruka njiwa, na mwenye yadi nyingi kwa dakika moja ndiye bingwa. Ukikosea saa ya kufunguliwa lori, umekosea yote.

Mjue pia kilichokuwa mbele ya Corinne. Hospitali ya wilaya ilimwahidi kiti katika ofisi yake ya kompyuta, aanze Julai, kwa sharti moja: shahada iwe imekamilika Juni. Akishindwa Juni, chuo kingemruhusu kujaribu tena Septemba, lakini kiti kingekuwa na makalio mengine. Kiwanda cha njegere kilikuwa kimeshafunguliwa upya na wenye mali wapya, na tangazo lao la kutafuta wafungashaji lilibandikwa dukani, mahali anaponunua maziwa kila asubuhi.

Basi alifanya kazi. Majira yote ya baridi niliona taa ya jikoni kwake inawaka tangu chai ya jioni, kichwa chake kimeinamia kompyuta mpakato. Wakati mwingine alikuja kuniuliza swali, nami nilimjibu kwa kifupi kama mtu anayelipia kila neno. Hakukasirika hata siku moja, na hilo ndilo lililonikasirisha. Kisha mwezi Februari akaja na ombi.

"Mjomba, nataka madaftari yote ya zamani."

"Ya nini? Hao njiwa wote wameshakuwa mbolea."

"Ya kupimia programu. Naiingizia mbio ambazo majibu yake yanajulikana, naona kama itajibu vilevile ulivyojibu wewe. Wewe ndiye kipimo changu."

Hapo aliniweza. Mtu akuambie wewe ndiye kipimo, na una kiburi cha jogoo, utafanya nini? Nilimpa madaftari thelathini na mawili. La mwaka tisini na nane nikalisukuma nyuma ya kabati la viatu, nikajiambia hakuna atakayegundua kuwa halipo kati ya mengine mengi.

Baada ya siku mbili namkuta Hilda anajipangusa vumbi mikononi.

"Ulisahau daftari moja, mzee," akasema. "Nimempelekea."

Nilikaa kwenye ngazi. Hilda alidhani ni goti.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka ishirini na sita. Mwaka tisini na nane, siku ya mbio za Ufaransa, dereva wa lori alinipigia simu kutoka huko akasema, "Nimewafungulia saa moja asubuhi." Nikaandika saa moja. Alikuwa anasoma saa ya ukutani kwenye mkahawa wa Wafaransa, na saa za Ufaransa ziko mbele ya zetu kwa saa nzima. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili. Kila mtu wa njiwa nchini anajua kuipunguza saa hiyo. Mimi nilikuwa nimeipunguza miaka yote, ila mwaka ule njiwa wangu alikuwa ametua bandani saa tisa na dakika ishirini, peke yake angani, nami nilikuwa nimelewa furaha.

Njiwa wa Norman alifika kwake dakika nane baada ya wangu, lakini alikuwa amepita maili sita zaidi. Kwa hesabu yangu ya penseli, mimi nilipata yadi elfu moja mia nne na nane kwa dakika, Norman elfu moja mia nne na sita. Kombe likawa langu. Watu wa Carrowby walishangaa njiwa wetu walivyokuwa wepesi kuliko wao siku ile. Walisema tulipata upepo, sisi tukasema njiwa wao wamenona. Tulicheka sana.

Baada ya wiki moja posta ikaleta karatasi ya dereva, ile rasmi, na saa ya Uingereza imeandikwa kwa wino: saa kumi na mbili kamili. Nikarudia hesabu jikoni. Saa nzima ikirudishwa kwa wote wawili, anayeumia zaidi ni aliyeruka muda mfupi. Norman elfu moja mia mbili hamsini na nane. Mimi hamsini na saba. Jina langu lilikuwa limeshachongwa kwenye kombe, na picha yangu ilikuwa gazetini. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye mkebe wa tumbaku, nikauweka ndani ya kabati la klabu, nyuma kabisa. Sijui kwa nini sikuichoma. Labda katibu hachomi karatasi, hata akiwa mwizi.

Corinne alikuja Alhamisi moja ya mwezi Juni, siku mbili kabla ya mkufunzi wake kuja kuikagua kazi kibandani. Nilikuwa bustanini, nimekaa kwenye ndoo, natazama makinda. Akaiweka kompyuta juu ya pipa.

"Mbio mia nne tisini na tano, Mjomba. Programu imekubaliana na penseli yako kwenye mia nne tisini na nne. Mpaka nukta ya mwisho. Bi Farrant, mkufunzi wangu, alipoona alisema hajawahi kuona binadamu wa namna hiyo."

"Na hiyo moja?"

"Hiyo moja inagoma." Akageuza kioo kunielekea. "Bi Farrant anatufundisha kitu kimoja mpaka tunakiota: jambo moja linaandikwa mahali pamoja tu. Lori ni moja, milango inafunguliwa mara moja, basi saa ya kufungua ni moja, na klabu zote mbili zinaisoma hapo hapo. Sasa mwaka tisini na nane, Ufaransa. Daftari la Carrowby linasema saa kumi na mbili. La kwako linasema saa moja. Mashine inakataa. Inasema lori moja haliwezi kufunguliwa mara mbili."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema jinsi inavyoteleza ukishaikanyaga.

"Carrowby walikosea," nikasema. "Stan Purvis ndiye alikuwa katibu wao. Mtu wa chupa yule."

Stan Purvis alikuwa mtu wa kanisa ambaye hakugusa hata bia ya Krismasi. Alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita.

"Una hakika?"

"Andika Carrowby walikosea. Nitatia sahihi sasa hivi, mambo yaishe, uende zako hospitalini."

Aliokota unyoya kwenye majani, akaukunja, akaukunjua.

"Stan hawezi kunijibu, Mjomba. Binti yake ndiye aliyenishushia madaftari darini, na sandwichi akanitengenezea. Nikimwandika baba yake kwamba alikosea, lazima niwe najua. Na sijui."

"Mimi nakwambia!"

"Umeniambia. Lakini karatasi zilizopo ni mbili, na kila moja inasema lake. Nitaandika ninachokijua. Chanzo cha hitilafu: hakijulikani."

"Na mkufunzi wako atasemaje?"

"Hitilafu isiyojulikana chanzo haipiti. Atanirudisha Septemba."

"Na kiti chako?"

"Hospitali haisubiri Septemba," akasema, akaifunga kompyuta. "Hilda amepika nini? Nasikia harufu ya vitunguu mpaka huku."

Akaingia ndani kula. Aliweza kula. Mimi nilibaki kwenye ndoo, na nawaambia kweli, nilimchukia kwa muda wa dakika tano hivi. Nilikuwa nimempa mlango wa kupita na yeye ameukataa, tena bila kelele, bila kunihubiria. Halafu chuki ikaisha, ikabaki aibu tupu. Binti aliyefungasha njegere miaka kumi na tano alikuwa tayari kurudi kuzifungasha ili asimsingizie marehemu ambaye hakumjua. Na mimi niliyemjua Stan Purvis miaka arobaini nilikuwa nimemuuza kwa sekunde mbili.

Jumamosi ilikuja na jua zuri, siku ya njiwa hasa. Lori lilifunguliwa kusini mwa nchi saa tatu asubuhi, na mchana njiwa walikuwa wameshatua. Wanachama wakaingia kibandani na mashine zao za saa, zile zinazoandika dakika njiwa anapotua, makwapani, birika likachemka, mikate ya bekoni ikazunguka. Corinne alikuwa ametandika shuka jeupe ukutani na projekta juu ya meza ya drafti. Bi Farrant, mkufunzi, alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la mvua la manjano, ambalo hakulivua hata kwenye jua lile. Alikaa kiti cha nyuma na faili kubwa mapajani.

"Nani ndiye mteja?" akauliza.

"Yule mwenye uso wa siki," Norman akamjibu, akininyooshea kidole.

Nilikuwa nimeomba jambo moja: nipige hesabu zangu kwa penseli pembeni, mbio zilezile, tuone. Corinne akasema sawa. Wakaanza kuchomeka saa zao kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Nilikuwa bado nasugua hesabu ya njiwa wa kwanza, natoa dakika, nagawa yadi, niliposikia kibanda kinanguruma. Nikainua kichwa. Njiwa wote arobaini na watatu walikuwa ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho, majina na kasi zao. Chai kwenye kikombe changu ilikuwa haijapoa hata kiasi cha kunyweka.

"Wilf! Umefika wa ngapi?" mtu akapiga kelele.

"Wa kwanza," nikasema.

"Njiwa wa kwanza! Jamani, kesho kutwa atakuwa amemaliza!"

Nikamaliza huyo mmoja, nikalinganisha. Ilikuwa sawasawa na ya ukutani mpaka nukta ya mwisho. Zamani matokeo yalichukua saa mbili na ugomvi mmoja au miwili. Watu walimpiga Corinne mabegani, mwingine akamvalisha kofia yake. Norman alikuwa wa nne siku hiyo na alifurahi kana kwamba amezaa.

Bi Farrant peke yake ndiye hakupiga makofi. Alikuwa anafungua faili, ukurasa kwa ukurasa, akiweka alama ndogo. Kisha akasimama kwenye ukurasa mmoja, na mimi nikajua ni upi.

"Corinne," akasema. "Kazi hii ni nzuri kuliko zote nilizoziona mwaka huu. Lakini hapa pana hitilafu moja, na umeandika chanzo hakijulikani."

"Ndiyo, Bi Farrant."

"Unajua maana yake."

"Najua."

"Siwezi kuipitisha leo. Programu ikigoma na hujui kwa nini, siwezi kusema imekamilika. Itabidi Septemba. Nasikitika sana."

Corinne akaivua ile kofia, akairudisha kwa mwenyewe. Hakunitazama. Angenitazama labda ningekasirika, nikapata pa kujificha. Alianza kukunja waya wa projekta, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za msafiri.

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilikuwa nimepewa miaka ishirini na sita, na ilinitosha.

"Acha huo waya," nikasema.

Nilikwenda kwenye kabati. Nilitoa makombe madogo moja moja nikayaweka sakafuni, nikatoa kombe la Ufaransa, nikaingiza mkono mpaka bega, nikauleta mkebe wa tumbaku. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu, ikabidi nikigonge kwenye meza. Karatasi ya dereva ilikuwa bado imekunjwa mara nne. Nikampa Bi Farrant, kwa kuwa macho yangu hayakutaka kuisoma.

"Chanzo cha hitilafu kinajulikana," nikasema. "Ni mimi. Niliandika saa ya Ufaransa badala ya yetu. Wiki moja baadaye niliijua, nikanyamaza, kwa sababu kombe lilikuwa limeshakuja nyumbani. Stan Purvis hakukosea. Juzi nilimwambia huyu binti kwamba Stan alikuwa mlevi, na huo ulikuwa uongo pia. Programu ni sahihi. Daftari langu ndilo bovu."

Birika lilikuwa linaendelea kuchemka na hakuna aliyelizima.

Bi Farrant aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, akampelekea Corinne. "Irekebishe," akasema.

Corinne akachomeka tena waya. Akafungua ukutani mbio za mwaka tisini na nane: mstari wa kwanza Wilfred Stobbart, wa pili Norman Ogle. Juu kabisa palikuwa na saa ya kufunguliwa lori, mahali pamoja tu, kama alivyofundishwa. Akafuta, akaandika saa kumi na mbili, akabonyeza.

Kila kasi kwenye ule ukuta ikabadilika kwa pamoja. Kisha mistari miwili ya juu ikapishana. Jina langu likashuka, na Norman Ogle akapanda juu kabisa, elfu moja mia mbili hamsini na nane.

Norman alikuwa ameinuka bila sisi kumwona. Alisogea karibu na shuka mpaka maandishi yakamwangukia usoni.

"Jike wa kijivu," akasema. "Mwenye jicho la rangi ya chungwa. Alipotua nilimwambia Peg, huyu ameshinda Ufaransa. Matokeo yako yalipotoka nikasema haiwezekani. Peg akaniambia, Norman, hesabu za Wilf Stobbart hazikosei."

Peg alikuwa mke wake. Tulimzika mwaka elfu mbili na tisa, na mimi nilibeba jeneza upande wa kushoto.

Nililiinua lile kombe kwa mikono miwili nikampa. Alilipokea, akatafuta mwaka kwa kidole, akalikuta jina langu, akalikwaruza kwa ukucha.

"Wilf," akasema. "Wewe ni mpumbavu mkubwa na mwizi mdogo."

"Ndiyo, Norman."

"Nitakutukana vizuri zaidi wiki ijayo, nikishafikiri. Leo nina kazi." Akalikumbatia kombe kifuani. "Sasa tia sahihi, mtoto anasubiri."

"Sistahili kutia. Mchagueni mwingine."

"Mteja ni wewe," Bi Farrant akasema kutoka nyuma, na mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. "Umekubali kosa kwa maelezo kamili, na ushahidi umeambatishwa. Wateja wengi hawafiki hapo."

Akanisogezea fomu. Nikachomoa penseli sikioni.

"Kwa wino," akasema.

Nikajipapasa. Miaka thelathini na tatu ya ukatibu na sikuwa na kalamu ya wino hata moja. Penseli inafutika, ndiyo raha yake. Norman akashusha pumzi, akaingiza mkono kwenye koti, akanipa ya kwake.

"Na uirudishe," akasema. "Wewe tunakujua sasa."

Hapo ndipo kibanda kilipolipuka. Walicheka mpaka mmoja akaangusha mkate. Nilitia sahihi, herufi zote, Wilfred Stobbart, nikabonyeza mpaka karatasi ikaacha alama mezani. Bi Farrant akaandika chini yake neno moja, amefaulu, na Corinne akapiga ukelele mpaka njiwa wa bustani zote za jirani wakaruka kwa pamoja. Alimkumbatia Bi Farrant na koti lake la manjano, akamkumbatia Norman na kombe lake, kisha akaja kwangu. Nilitaka kusema samahani. Hakunipa nafasi, alinibana mbavu mpaka nikakohoa.

"Ulijua?" nilimuuliza sikioni.

"Nilijua wewe hukosei kugawa, Mjomba," akasema. "Basi nilijua tatizo haliko kwenye hesabu."

Ukatibu nilijiuzulu Jumatatu. Walinipa kazi ya birika. Siku hizi programu ya Corinne inatoa matokeo ya klabu zote mbili, na mimi natoa chai, na sijasikia malalamiko isipokuwa kuhusu chai. Kwa binti wa Stan Purvis nilikwenda kwa miguu, nikamwambia nilichosema juu ya baba yake. Aliniacha nimesimama mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kunikaribisha ndani.

Mfua fedha aliuliza afanye nini na jina langu kwenye kombe. Nilimwambia alikwangue lisionekane kabisa. Norman akasema likwanguliwe, lakini kovu libaki, na jina lake liandikwe juu ya kovu. Ndivyo lilivyo mpaka leo.

Mwezi Oktoba chuo kikafanya mahafali kwenye ukumbi wa mji. Corinne alikuwa na miezi mitatu kazini hospitalini, na alikuwa ametuletea tiketi tatu. Hilda alinipigia pasi suti ya mazishi. Norman alikuja na mfuko wa dukani mkononi, akakataa kuuweka chini. Tulikaa safu ya saba kati ya watu waliovaa vizuri, tukasikiliza majina mengi ya watoto wa watu.

"Corinne Bewick," wakasoma, "Shahada ya Msingi ya Kompyuta, kwa ufaulu wa juu."

Akatokea kwenye jukwaa na joho lililomzidi urefu. Norman akaingiza mikono kwenye mfuko, akatoa kombe la Ufaransa, akapanda juu ya kiti, miaka themanini na minne na goti moja la chuma, akaliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili na kupiga kelele kama yuko uwanjani. Mhudumu alikuja mbio. Watu wa safu sita za mbele waligeuka. Corinne alituona, akasahau kumpa mkono mkuu wa chuo, akainua cheti chake juu vilevile, huku akicheka na machozi yakimtiririka.

Mimi nilikuwa nimemshika Norman kiunoni asianguke, kwa hiyo sikuweza kupiga makofi. Nilipiga kelele badala yake. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, na Norman akainama kutoka kule juu akaniambia, "Punguza, Wilf, unatuaibisha."